Mheshimiwa wa Jikoni

Dodoma ni mji wa waheshimiwa, na kila mheshimiwa hapa ana wa kumsifu. Mbunge akirudi jimboni huchezewa ngoma. Waziri ana msafara. Hata treni ya umeme, ilipoanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ilikuwa imekwisha kusifiwa miaka mingi kabla ya kupiga honi yake ya kwanza. Mheshimiwa mmoja tu amekosa msifu, naye anakaa jikoni: mashine ya kuoshea vyombo. Imeletwa kwa gharama, imefungwa kwa jasho, na tangu siku hiyo inasemwa. Mara haitakatishi, mara inavuja, mara imezima katikati ya kazi na kuwasha taa nyekundu. Wanaosema hayo wanasema kweli tupu. Mimi nasimama kusema kwamba hayo hayo ndiyo matukufu yake.

Si kila nyumba inayo. Majengo na Chang'ombe vyombo vingali vinaoshwa uani kwenye beseni na kuanikwa juu ya kichanja, jua likamaliza kazi. Lakini tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, nyumba zimeota Kisasa, Ilazo, Iyumbu na Njedengwa, na ndani ya nyumba hizo jiko limepata makabati, kaunta ya granaiti, na chini ya kaunta pengo la sentimeta 60. Pengo hilo mwenye nyumba aliliona kwenye picha. Akakaa nalo mwaka mzima, ameegesha humo ndoo na mkaa wa akiba, mpaka mashine ikafika: ama imeagizwa Kariakoo, ama imenunuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya au Dubai, ama imekuja ndani ya kontena la mtu aliyerudi kutoka masomoni.

Msifu anayejua kazi yake huanza na nasaba. Mama wa mashine hii ni Josephine Cochrane wa Shelbyville, jimbo la Illinois, Marekani, mwanamke mwenye nafasi aliyekuwa na sahani za kaure za urithi. Watumishi wake walipoziosha, kingo zilibanjuka. Akaapa kutengeneza kitu kitakachoosha bila kugonga, na tarehe 28 Desemba 1886 akapewa hataza yake. Mwaka 1893 mashine zake zilionekana kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, na wateja wakaja, lakini walikuwa wenye hoteli na mikahawa. Majumbani haikuingia upesi, kwa kuwa nyumba nyingi za Marekani ya wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kuitosha. Mwenzetu wa Iyumbu anayedhani shida zake ni za Dodoma peke yake na ajiliwaze hapo. Na tuangalie pia kilichosababisha mimba ya mashine hii: ilizaliwa kwa kuzionea huruma sahani. Mikono ya aliyeziosha haikutajwa. Mwenye asili kama hiyo hadaiwi unyenyekevu.

Kwetu fadhila yake ya kwanza ni elimu. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hazivuki sana milimita 600. Kwa hiyo mji umeishi kwa maji ya chini ya ardhi, hasa ya visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kilometa thelathini hivi kaskazini. Maji yakikaa chini huko huyeyusha miamba kidogo kidogo, na yakipanda huja na kalsiamu na magnesiamu. Darasani tulifundishwa kwamba hayo ni maji magumu, sabuni haitoi povu mpaka uilazimishe. Tukajibu mtihani, tukasahau. Ganda jeupe ndani ya birika la umeme tukaliona ni uzee wa birika. Mtu anaweza kuzaliwa Makole, akasoma hapa, akaajiriwa na kustaafu hapa, asiulizwe hata siku moja maji yake ni magumu kiasi gani. Mashine inamuuliza siku ya kwanza. Kabla haijagusa kijiko inataka namba: ugumu wa maji ya nyumba hii uko ngazi ya ngapi? Asipojibu, itajibu yenyewe kwa glasi. Zitaingia zikiwa angavu na kutoka na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa, na mgeni akinyweshwa juisi humo atadhani amepewa maziwa.

Kinga yake dhidi ya maji hayo ni chembechembe ndogo zilizo tumboni mwake, ambazo hunasa kalsiamu na kuachia sodiamu. Chembe zikishiba huoshwa kwa maji ya chumvi, zikaanza upya. Ndiyo maana mheshimiwa hula chumvi. Tena hali chumvi yoyote. Tanzania ina chumvi ya Uvinza, ambayo watu wamekuwa wakiichemsha kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ina chumvi ya pwani inayoanikwa juani. Zote mbili zikisagwa laini na kutiwa madini joto kwa afya zetu, mashine inazikataa. Inataka chumvi safi ya chenga kubwa, isiyochanganywa na kitu, na hiyo mara nyingi huja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imepakiwa chini pamoja na samaki. Kuna nyumba ambayo watu wake walipochoka kungoja kifurushi walimimina sabuni ya unga kwenye tundu la chumvi, kwa hoja kwamba vyote ni vyeupe. Zile chembe hazikupona. Nyumba nyingine ilitia chumvi mahali pa sabuni, na vyombo vikatoka tayari kwa ndizi za kuchoma.

Ungesema wangesoma kijitabu. Nilichowahi kukishika mimi kilikuwa kinene, kina Kijerumani, Kipolishi, Kituruki na Kiarabu. Kiswahili, lugha ya watu zaidi ya milioni 200, yenye siku yake duniani kila tarehe 7 Julai, hakikuwamo. Tulipewa michoro: mkono bila mtu, ukielekeza mshale kwenye tundu.

Fadhila ya pili ni kukusanya watu. Beseni halijawahi kuitisha kikao. Mashine inaita fundi bomba, fundi umeme, seremala, na kwa sababu ya granaiti, fundi wa mawe, nao wote hufika kwa saa tofauti na kila mmoja akamlaumu asiyekuwepo. Seremala alipima upana, hakupima nyuma: mpira wa maji na waya vinahitaji nafasi, kwa hiyo mashine inajitokeza mbele ya kabati na kila apitaye anaigonga kwa goti. Fundi bomba anakuta mpira umekuja na mdomo wa robo tatu inchi, ilhali koki ya ukutani ni ya nusu inchi. Anapanda bodaboda. Akirudi anafunga, anafungulia, na mashine inanguruma kidogo, inanyamaza, inaandika herufi moja na tarakimu moja kwenye kioo.

"Mama, hii mashine inataka presha," anasema fundi.

"Presha ninayo mimi tayari," anajibu mwenye nyumba.

Presha ya maji ni hesabu ya kimo. Maji yakishuka meta kumi hupata msukumo wa baa moja. Mashine nyingi hutaka angalau theluthi ya baa, nyingine nusu nzima. Simtanki lililokaa juu ya mnara wa meta tatu linatoa sehemu tatu tu za kumi, na humo bado hujatoa kinachopotelea kwenye kona za mabomba. Kwa bomba la bafuni hiyo inatosha. Mtu anaoga na kushukuru. Mheshimiwa hashukuru. Ama mnara uongezwe, ama inunuliwe pampu ya kusukuma maji, ambayo nayo inataka umeme, paa la kuikinga na jua, na fundi wake. Hivyo ndivyo chombo cha kuoshea sahani sita kinavyoweza kuinua mnara wa chuma uani hadi majirani waulize kama unaweka minara ya simu.

Kuhusu mpira wa kutolea maji machafu nitasema kwa ufupi, maana harufu yake inajieleza. Mpira huo unapaswa kupandishwa hadi karibu na kaunta, ndipo ushuke kwenye bomba la sinki. Usipopandishwa, maji ya sinki hurudi ndani ya mashine. Fundi ambaye maisha yake yote ameishi kwa kanuni kwamba maji huteremka anaona kupandisha mpira ni mzaha wa Wazungu. Anaulaza sakafuni. Asubuhi unafungua mlango na kuukuta mchuzi wa jana unakusubiri, umepoa.

Umeme nao una heshima zake. Mashine iliyotoka Ujerumani ina plagi ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa. Duka la jirani lina adapta ya bei rahisi inayounganisha yote isipokuwa ethi. Basi ukiigusa mashine kwa mkono wenye maji inakusalimia, na salamu yake unaisikia hadi begani. Ukimwita fundi anayejua, atakueleza kwamba hata ethi ya nyumba yenyewe ni ya mashaka: udongo wa Dodoma ukikauka kuanzia Juni hadi Novemba, umeme haupati njia nzuri ya kuingia ardhini. Dawa ya mafundi ni kuchimba shimo la ethi na kushindilia mkaa na chumvi, kisha kulimwagia maji mara kwa mara. Kwa hiyo nyumba inanunua chumvi ya kumlisha mheshimiwa na chumvi ya kumzuia asitupige shoti. Ile iliyotoka Marekani, ya volti 120, haina safari ndefu namna hiyo. Ikichomekwa kwenye volti 230 inafanya kazi yake yote ya maisha kwa sekunde chache.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mzunguko mmoja wa kuosha kwa maji ya moto hula uniti moja, pengine ikazidi kidogo, na nyumba inayoosha kila siku hutumia uniti thelathini na kitu kwa mwezi kwa vyombo peke yake. Katika mji huu watumishi wa umma husubiri barua ya kupandishwa daraja kwa miaka. Mashine humchukua mteja wa D1, kundi la nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na kumpandisha daraja bila yeye kujaza fomu.

Watu hunijibu: sawa, lakini haioshi. Inaosha sana, ila inachagua. Chombo kikuu cha jiko letu ni sufuria la alumini, na sabuni ya mashine ni kali kiasi cha kulivua ngozi. Linaingia linang'aa na kutoka limefubaa, jeusi jeusi, linachafua kitambaa. Mwiko unapasuka. Chungu cha mlenda kinakunywa sabuni na kuirudisha kwenye mboga ya kesho. Sufuria la ugali wa uwele, lenye ukoko ulioshika chini, halimo katika mahesabu ya wahandisi wa Ulaya hata kidogo: likilazwa kifudifudi linaziba mkono unaozunguka kurusha maji, kwa hiyo saa mbili na nusu maji yanapiga sehemu moja, na sahani za juu zinatoka na harufu nzuri na mchuzi wake ule ule. Vichwa vya dagaa na magamba ya samaki hukaa kwenye kichujio, ambacho mwenye nyumba ataambiwa habari zake mwezi wa tatu. Na kama kidonge cha sabuni kimekwisha na mtu akamimina sabuni ya maji ya kawaida, ile yenye povu, jiko litashuhudia jambo. Povu linatoka chini ya mlango kwa utaratibu, linapita miguu ya meza, linaelekea sebuleni kwa wageni.

Kuna sifa moja ya matangazo ambayo sitaitumia, kwa sababu hata msifu ana mpaka: kwamba mashine inaokoa maji. Ni kweli kwamba mashine za siku hizi hutumia lita kumi na kitu kwa mzigo mzima, na kwamba anayeosha chini ya bomba lililofunguliwa hutumia nyingi zaidi. Lakini nani Dodoma anaosha chini ya bomba lililofunguliwa? Hapa ni beseni la kuoshea na beseni la kusuuzia, na yale ya kusuuzia jioni yanamwagiwa mpapai. Maji ya mheshimiwa hayaunyweshi mpapai. Yana chumvi na sabuni kali, yanakwenda moja kwa moja kwenye chemba.

Basi inachotaka mashine ni hiki: vyombo vikwanguliwe kwanza, vilivyokauka vilowekwe, sufuria lisuguliwe pembeni kwa stili waya, sahani zipangwe kwa kuelekea mkono unaozunguka, na kazi ikiisha mtu avitoe, afute vya plastiki ambavyo havikukauka, asafishe kichujio. Mtu huyo yupo. Ni dada wa kazi, yule yule aliyekuwa akiosha kwenye beseni. Sasa anaosha mara mbili, mara moja kwa mikono yake na mara ya pili kwa kumtumikia mwenzake.

Na hapa ndipo ninapovua kofia mbele ya mheshimiwa kwa dhati, maana amefanya ambacho hakuna mfanyakazi wa ndani mwingine katika mji huu aliyewahi kukifanya. Amekuja na masharti ya kazi, na tumeyakubali yote. Alisema maji magumu hayafanyii kazi, tukamlainishia. Alisema maji ya baridi hayataki, anayachemsha kwa umeme wetu. Ana soketi yake peke yake. Maji yakikatika anasimama, na hakuna anayemwambia atafute ndoo. Akizidiwa anawasha taa nyekundu, na nyumba nzima inakusanyika kumuuliza ana nini. Akiugua, fundi anatumiwa nauli. Glasi ikivunjika tumboni mwake, tunasema sisi ndio tuliipanga vibaya. Hatukati kwenye mshahara. Na tunazungumza naye kwa adabu, tukihofia kupoteza dhamana ya miaka miwili.

Dada yuko pembeni, kwenye sinki. Anaosha sufuria kwa maji yale yale ya Mzakwe yaliyokataliwa, ya baridi ile ya Julai ambayo upepo wa Dodoma unayafanya makali zaidi, na vidole vyake vimepasuka kwenye viungo. Ngazi ya ugumu wa maji haikumhusu, hatukuwahi kumsomea. Kwenye makaratasi naye ana kijitabu chake, tena cha hapa hapa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Chukua karatasi, andika vidonge vya sabuni vya mwezi mmoja, chumvi ya chenga, dawa ya kung'arisha glasi na uniti thelathini na kitu za umeme, ujumlishe. Kisha weka jumla hiyo kando ya 60,000 za amri hiyo uone mishahara ya wafanyakazi wawili wa jiko moja inavyosogeleana.

Wapo watakaoniambia mashine ni mzigo, beseni lilitosha. Sikubaliani nao. Beseni lilikuwa linatuficha. Kwa miaka yote hiyo tuliamini kuosha vyombo ni kazi ndogo isiyohitaji chochote, kwa sababu aliyeifanya hakuwa na taa nyekundu. Ilibidi atoke mgeni Ulaya, mwenye majivuno na tumbo la chumvi, atudai mnara, pampu, shimo la ethi na saa mbili na nusu za kutosumbuliwa, ndipo ijulikane kazi yenyewe ina uzito gani.

Kwa hiyo wewe mwenye pengo la sentimeta 60 chini ya kaunta, nunua. Pima nyuma pamoja na upana, panda mnarani ujue kimo cha tangi, mwambie fundi aupandishe mpira hata akicheka, na chumvi agiza mapema. Mashine ikishakaa sawa, mpe na dada saa zake 24 za wiki, kamili, pasipo kumpigia simu kumuuliza chumvi iko wapi. Sufuria la ugali siku hiyo utaliosha wewe.